Kibati chenye springi ndani ya sailensa: kikatwe, kiachwe au kitengenezwe?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Niko Nyakato, Mwanza. Nina Toyota ya V6 (silinda sita) ya petroli iliyotoka Japani, ina mabomba mawili ya moshi nyuma. Huu ni mwezi wa pili inalia kama kopo lenye kokoto, hasa asubuhi injini ikiwa baridi, gia ikiwa D na AC imewashwa. Nikikanyaga mafuta inanyamaza. Fundi mmoja alichungulia kwa kamera, akakuta ndani ya sailensa kuna kibati chenye springi kinachezacheza. Anasema kikatwe gari lipumue na nguvu ziongezeke. Mwingine anasema nikikitoa, valvu za injini zitaungua kwa kukosa presha ya nyuma. Nani mkweli? Na kama kinatengenezeka, kinatengenezwaje hapa hapa Mwanza? Mdogo wangu naye anataka afungiwe kitu cha aina hiyo kwenye gari lake la kawaida, inawezekana?"

Ndugu yangu wa Nyakato, mafundi wako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Kibati hicho hakikuwekwa kuinyima injini nguvu, wala hakikuwekwa kulinda valvu. Kazi yake ni kelele tu. Na kwa dalili ulizozitaja, kilichokufa karibu hakika si kibati wala springi. Ni kimto kidogo cha nyaya zilizoshindiliwa, ambacho kibati hukilalia kinapofunga. Hicho kinatengenezeka, na si kazi ya ajabu.

Sailensa yako ya nyuma ina njia mbili za moshi ndani yake. Njia ndefu inazunguka kwenye vyumba na mabomba yenye matundu, na humo ndimo mlio unapopungua. Njia fupi inakwenda kwenye bomba la pili la nyuma bila mizunguko, na mlangoni mwake ndipo kilipo kibati, springi ikikibana kifunge. Moshi ukiwa kidogo, presha haiishindi springi, hivyo moshi wote unapita njia ndefu na gari linakuwa kimya. Ukikanyaga, presha inapanda, kibati kinasukumwa, na moshi wa ziada unapata pa kutokea. Toyota imetumia mpango huu kwenye magari yake kadhaa, na kwa maelezo yake yenyewe valvu hiyo, yaani kibati, hufunguka kidogo kidogo kadiri presha inavyopanda, si kwa hatua mbili za "funga" na "fungua". Hakuna waya, hakuna mota, kompyuta ya gari haijui kama kipo. Kikivunjika vipande vipande, taa ya injini haitawaka.

Kwa nini Toyota wahangaike hivyo? V6 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hutoa mapigo 75 ya moshi kila sekunde. Huo ni mlio mzito, ule unaotetemesha viti na kukuachia kichwa kinauma ukifika Shinyanga, na mlio mzito ndio unaozishinda sailensa nyingi. Tundu la kutokea likiwa jembamba, mlio huo unamezwa vizuri zaidi. Lakini tundu jembamba linabana injini ikienda kasi. Kibati ni namna ya kupata tundu jembamba na tundu pana ndani ya kopo moja.

Sasa hili la presha ya nyuma, maana linazunguka gereji zote. Injini haihitaji presha ya nyuma. Inachofaidika nacho kwenye mizunguko ya chini ni mwendo wa kasi wa moshi ndani ya mabomba yaliyo karibu nayo, kwa sababu pigo moja likitoka kwa kasi huvuta mabaki ya moshi yaliyobaki kwenye silinda. Hayo yanaamuliwa na manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) na bomba la mbele. Kibati kiko mkiani, baada ya masega (kile kisafisha moshi, katalisti), baada ya sailensa ya kati. Kukitoa hakuunguzi valvu yoyote. Kinachoweza kuleta shida mbele ni bomba linalovuja kabla ya sensa ya oksijeni. Hapo hewa ya nje huingia kati ya pigo na pigo, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza petroli. Hilo ni tatizo lingine kabisa.

Na yule wa kwanza anayeahidi nguvu? Kibati kizima kikiwa wazi hakizuii chochote cha kuhesabika. Utakachopata kwa kukikata ni muungurumo kati ya mizunguko 1,200 na 2,500, yaani mizunguko ile ile unayoitumia siku nzima mjini, na labda mazungumzo na trafiki pale Buzuruga. Nguvu zinaongezeka tu kama kibati kilikuwa kimekwama kikiwa kimefungwa. Chako hakijakwama. Kingekwama kisingelia.

Mlio wenyewe unajieleza. Injini ikiwa kwenye mzunguko wa kusimama bila kukanyagwa mafuta (ule ambao gereji nyingi wanauita sailensi, usiuchanganye na sailensa yenyewe), tuseme 700 kwa dakika, V6 inatoa mapigo 35 kwa sekunde. Ukiweka D na kuwasha AC, injini inabeba mzigo kidogo na kila pigo linakuwa na nguvu zaidi, lakini presha ya wastani bado ni ndogo mno kukishikilia kibati wazi. Kwa hiyo kila pigo linakiinua na springi inakirudisha, mara 35 kila sekunde. Kimto kikiwa kizima hukisikii. Kimto kikiwa kimeliwa, chuma kinagonga chuma. Asubuhi ni mbaya zaidi kwa sababu injini baridi inaendeshwa kwa mizunguko ya juu kidogo, na moshi wake unakiweka kibati mpakani kabisa, si wazi si kufungwa. Ukikanyaga, kinashikiliwa mbali na kiti chake, kimya kinarudi.

Hata hivyo usikate kitu kabla ya kuwaondoa washukiwa wengine. Injini ikiwa baridi kabisa, ingia chini ukiwa umeweka stendi, usiamini jeki peke yake, kisha gonga kwa ngumi au nyundo ya mpira: kwanza mabati ya kuzuia joto yaliyofungwa juu ya mabomba, halafu masega, halafu sailensa ya kati, mwisho ya nyuma. Bati la joto lililolegea hulia kama debe tupu na huacha kulia ukilishika kwa mkono. Masega yaliyovunjika hulia kama vigae ndani ya mfuko, na gari huwa limepungua nguvu. Ukuta wa ndani wa sailensa ukiachia, hulia kwa kila mzunguko wa injini, hata ukikanyaga. Kibati hunyamaza ukikanyaga. Mwisho, ingiza fimbo ya chuma ya milimita 6 iliyokunjwa ncha kupitia bomba la nyuma na ukisukume huku kamera ikiangalia. Kinapaswa kwenda kwa ulaini na kurudi chenyewe. Kikirudi na kutoa "kling" kavu, kimto kimekwisha. Kikirudi kwa kusitasita, shafti (mhimili ambao kibati huzungukia) imeshika kutu. Kisiporudi kabisa, springi imekufa au imekatika.

Kuna kosa moja linalofanyika sana hapa: mtu anakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, anaweka karatasi laini kwenye bomba la pili, anaona moshi hautoki, anasema valvu imekwama. Injini isiyobeba mzigo, hata ikizunguka mara 3,000, inapumua hewa kidogo sana ikilinganishwa na injini hiyo hiyo inayopanda mlima kwa mizunguko hiyo hiyo. Kibati kinaweza kisifunguke kabisa gari likiwa limesimama na bado kikawa kizima. Kipimo cha kweli ni barabarani, chini ya mzigo. Mlima wa Bugando ungefaa, ila juu yake kuna hospitali, kwa hiyo nenda nje ya mji, barabara ya Usagara ikiwa tupu.

Ukitaka kupima kwa namba, fungua sensa ya oksijeni ya mbele, ile ya kabla ya masega; uzi wake kwenye magari mengi ni milimita 18 kwa hatua ya 1.5. Funga adapta yenye geji ya presha ndogo. Kwenye mzunguko wa kusimama presha isizidi kPa 10 (kilopaskali, kipimo cha presha), na kwenye mizunguko 2,500 gari likiwa limesimama isizidi kPa 20 hivi. Ikizidi, kuna mahali pamebanwa, na mara nyingi ni masega, si sailensa. Ili kujua ni kipi, legeza kiungo cha baada ya masega na upime tena: presha ikishuka, mzuiaji yuko nyuma, ikibaki pale pale, ni masega.

Kama huna geji, mpira wa levo ya maji wa mafundi ujenzi unafanya kazi hiyo kwa usahihi wa kushangaza. Ufunge umbo la U kwenye ubao, tia maji hadi nusu, kisha uunganishe na tundu la kupimia kupitia bomba la shaba la breki lenye urefu wa sentimita 60 au zaidi, ili moshi upoe kabla ya kufika kwenye mpira. Tofauti ya sentimita 51 kati ya maji ya upande mmoja na mwingine ni kPa 5. Sentimita 102 ni kPa 10. Maji yatacheza kwa mapigo, bana mpira kidogo kwa vidole yatulie. Kipimo hiki ni cha gari lililosimama tu. Barabarani tumia geji, uibandike nje ya kioo cha mbele. Mpira wa moshi hauingizwi ndani ya gari hata kwa dakika moja, moshi wa petroli una kaboni monoksidi na hiyo haina harufu ya kukuonya.

Hapo kwenye namba, watu wa Mwanza mna jambo lenu. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa yenu ina presha pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Kitabu cha gari kikisema geji ya vakyumu (ya kupima mvuto wa hewa) kwenye manifoldi ya kuingizia hewa isome inchi 17 hadi 22 za zebaki, kwenu injini nzima kabisa itasoma kati ya 13 na 18. Injini ngapi zimefunguliwa bure kwa sababu ya inchi hizo nne! Soma mwenendo, si namba moja: shikilia mizunguko 2,500, na kama sindano inashuka taratibu badala ya kutulia, ekzosi (njia nzima ya moshi) imebanwa. Wembamba huo wa hewa unakigusa pia kibati chako. Kwa mizunguko ile ile moshi unapita kwa kasi ile ile lakini ni mwepesi zaidi, kwa hiyo nguvu ya kukisukuma kibati imepungua kwa asilimia 12 hiyo hiyo. Kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi, kibati kilichofunguka kwenye mizunguko 3,000 bandarini Yokohama kitafunguka kwenye 3,200 hivi Nyakato. Si ugonjwa.

Kuhusu kutu. Ziwa ni la maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo ekzosi za Mwanza huishi kuliko za Tanga au Dar. Lakini gari lako halikuzaliwa Mwanza. Magari yaliyotembea mikoa ya kaskazini ya Japani yamepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, na kutu ya namna hiyo huanza kabla gari halijapanda meli. Angalia vichwa vya boliti na mishono ya sailensa. Cha pili ni safari fupi. Lita moja ya petroli ikiungua inazaa karibu lita moja ya maji. Safari ndefu huyatoa kama mvuke. Safari ya Nyakato hadi mjini inayaacha yametuama chini ya sailensa, yamechanganyika na asidi kidogo, na shafti ya kibati inaogea humo. Sailensa nyingi zina kitundu cha kutolea maji sehemu ya chini kabisa. Kizibue kwa waya. Kama hakipo, toboa cha milimita 3. Na gari likitoka kuungua safarini msiliingize ziwani kuliosha. Maji baridi kwenye sailensa ya moto yanapasua mishono, yakiingia kwa bomba la nyuma yanafanya kazi ile ile ya kutu, na isitoshe Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Matengenezo sasa. Sailensa itolewe kwenye gari. Kuichomelea ikiwa inaning'inia, tangi la petroli likiwa karibu hapo, ni kujitafutia makubwa. Nati zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Kwenye kiungo utakuta boliti zenye springi za nje. Hizo ni za kuruhusu bomba kucheza, hazihusiani na valvu, ila zipimwe urefu na zibadilishwe kama zimesinyaa, pamoja na gasketi ya duara.

Ikishatoka, fanya jaribio moja kabla ya grenda. Igeuze sailensa kwa kila upande huku kamera iko ndani. Kibati kisifunguke kwa uzito wake chenyewe kwa mkao wowote. Kikidondoka wazi, springi imelegea kwa joto, na hapo nakushauri utafute sailensa nzima ya mtumba kuliko kuhangaika: springi ile ni ya kujisokota, imetengenezwa kwa aloi ya kuhimili joto, haiuzwi peke yake. Hata hivyo springi ikikatika kibati hubaki wazi, si kufungwa, kwa hiyo gari halitabanwa wakati unatafuta.

Springi ikiwa nzima, tumia kamera kupima kibati kiko wapi, kisha kata dirisha la milimita 120 kwa 80 upande wa juu au ubavuni. Chini hapana, ndiko maji yanakotuama na mshono wako utaoza kwanza. Tumia diski nyembamba ya milimita 1 na usizamishe, ganda la sailensa mara nyingi ni mabati mawili membamba yaliyolaliana. Tunza kipande ulichokata. Vaa barakoa, ndani kunaweza kuwa na pamba ya kioo, na inawasha hadi kesho yake.

Utakiona kiti cha kibati na mabaki ya kimto, au alama tu ya mahali kilipokuwa. Kimto kipya kitokane na wavu wa nje wa bomba bovu la ekzosi linalonyumbulika, ule uliofumwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Kunja tabaka tatu au nne, gonga hadi ibaki milimita 4 hivi, kishikwe kwa vidole viwili vya bati la chuma kisichoshika kutu vilivyochomelewa nukta. Usitumie nyuzi laini za kusugulia sufuria za chuma cha kawaida: zinashika kutu, zinaungua na kuwa unga, mwezi haufiki. Kimto kikikaa, inua kibati kwa kidole na ukiachie. Unataka mlio wa "dup". Kisha angalia kama kinakaa sawa mduara mzima. Upenyo wa hadi milimita 1 si neno, hii si valvu ya injini.

Shafti yenyewe kama inasitasita, tia mafuta ya kulegeza, ichezeshe mara mia, yafute yote. Usiache oili wala grisi. Kwenye joto la sailensa inageuka lami ngumu na kuigandisha shafti vibaya kuliko kutu. Kama lazima ilainishwe, unga mkavu wa grafiti, hata wa penseli iliyosagwa, unatosha.

Kufunga dirisha: rudisha kipande chako kile kile. Watu wengi huziba kwa bati la paa, na hilo ni kosa mara mbili, kwa sababu zinki yake ikiungua inatoa moshi wa kukupa homa, na mshono wake haushiki vizuri. Sumaku isikudanganye: chuma kinachotumika sana kwenye ekzosi kinakamatwa na sumaku ingawa ni cha kuzuia kutu. Kwa kuchomelea kwa umeme wa kawaida omba rodi za 309L (za chuma kisichoshika kutu), za milimita 2 kwa ampea 40 hadi 50, au za 2.5 kwa ampea 50 hadi 60. Choma sentimita moja, ruka, choma upande wa pili, maana bati jembamba likipata joto mfululizo linatoboka na kupinda, na likipinda kibati hakikai tena kwenye kiti. Mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya agoni atafanya kazi safi zaidi, mlipe tofauti. Mwisho kabisa, sailensa ikiwa imerudi kwenye gari, washa injini, paka mishono povu la sabuni kabla haijapata joto, ziba mabomba ya nyuma kwa matambara kwa sekunde chache. Povu likipulizika, rudia mshono huo.

Usipopata fundi wa kukata na kurudisha vizuri, basi kishikwe wazi kwa nukta moja ya kuchomelea. Gari litaunguruma kidogo na halitadhurika. Ila usikiache kinagonga: kinakula shafti na bushi zake (vikombe ambamo shafti huzungukia), na siku kikichomoka kinaweza kulalia tundu na kuziba njia.

Mdogo wako. Inawezekana, lakini kuna makosa matatu yanayoua karibu valvu zote za kutengeneza wenyewe, na la kwanza ni kuchukua kipepeo cha kabureta au throto ya zamani na kukifunga springi. Kipepeo chenye shafti katikati kinasukumwa sawa pande zote mbili. Presha haiwezi kukifungua, na kikishaanza kufunguka, mwendo wa moshi hukivuta kirudi kufunga. Shafti lazima iwe ukingoni au mbali na katikati. La pili ni kukiweka kwenye bomba pekee la kutokea moshi. Kiwekwe kwenye tawi la pili, njia kuu ibaki wazi siku zote. La tatu ni springi yenyewe. Ya stendi ya bodaboda ni nzito mara nyingi kupita inayotakiwa, na chuma chake cha kawaida kinaanza kupoteza ukakamavu joto likizidi nyuzi 120 za Selsiasi hivi. Springi ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 302 inafika karibu nyuzi 290. Kwa hiyo springi ikae nje ya bomba, nyuma ya gari, inapopigwa na upepo, na kipande cha bati kiikinge na kokoto.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bomba la ndani milimita 50, kibati kinafunika mdomo wake kama mlango ndani ya kijumba kipana kidogo, shafti ya milimita 8 ikiwa milimita 30 kutoka katikati ya bomba. Ningeanza na kufunguka kwa kPa 5. Eneo la mdomo ni sentimita za mraba 19.6, presha hiyo inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo moja, na nguvu hiyo inafanya kazi kwenye mkono wa milimita 30. Nje, funga mkono wa milimita 40 kwenye shafti. Ili kibati kianze kufunguka, ncha ya mkono huo ivutwe kwa gramu 750. Mizani ya kilo 100 ya kupimia sangara pale Mwaloni Kirumba haitasoma hilo, ila chupa ya lita moja iliyojazwa maji robo tatu inatosha: mkono ukiwa umelala, itundike kwenye ncha na ukaze springi hadi kibati kianze tu kuachia.

Springi nayo isifungwe popote tu. Ikifungwa vibaya, inazidi kukaza kadiri kibati kinavyofunguka, na kibati kinaishia nusu njia kikibana moshi. Weka ncha yake isiyocheza milimita 100 kutoka kwenye shafti, na pembe kati ya mkono na mstari wa kwenda kwenye ncha hiyo iwe kama nyuzi 85 kibati kikiwa kimefungwa. Kikizunguka nyuzi 70 kufunguka, springi inarefuka kutoka milimita 104 hadi 137, lakini umbali wake kutoka kwenye shafti unapungua kutoka milimita 38 hadi 12. Chagua laini, inayoanza na gramu 800 na kuishia kilo 1.5, na nguvu ya kufunga itashuka hadi kama asilimia 60 ya ile ya mwanzo badala ya kupanda. Weka kizuizi kigumu kwenye nyuzi hizo 70. Mstari wa springi ukivuka shafti, kibati kitabaki wazi hadi mtu akirudishe kwa mkono. Kati ya shafti na bushi acha milimita 0.2, masizi yanahitaji nafasi. Na kimto, kama kile cha sailensa yako, kisisahaulike.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu watu wa malori hulichanganya na hili: breki ya ekzosi ya lori, ile inayopunguza mwendo kwa kubana moshi, nayo ina kibati na springi, lakini imegeuzwa. Upepo wa mitungi ya breki ndio unaofunga, springi ndiyo inayofungua. Springi ile ikikatika, kibati kinaweza kubaki kimefungwa nusu na injini ikachemka kwenye mlima wa kwanza. Hiyo haisubiri wiki.